Hatukupiga Hivyo: Mwendo wa Muziki na Ushahidi wa Historia

Kwa miaka sita mfululizo nimekuwa nikiwasikilizisha wanafunzi wangu wa mwaka wa pili wimbo mmoja wa muziki wa dansi uliorekodiwa katikati ya miaka ya 1970. Niliuweka katika muhadhara wa nne, ule unaohusu utamaduni na siasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na kila mwaka nilisema maneno yale yale. Sikilizeni kasi yake, niliwaambia. Hili ni taifa lililoambiwa kwamba lazima likimbie wakati wengine wanatembea, na wanamuziki wake wanakimbia. Wanafunzi waliandika. Wachache walirudisha maneno hayo katika mitihani, nami nikawapa alama.

Mwaka jana nilimwalika mzee mmoja aliyepiga gitaa la ridhim katika bendi iliyorekodi wimbo huo. Ameniomba nisimtaje, wala nisiitaje bendi, kwa sababu wenzake wengi wametangulia mbele ya haki na hapendi kuonekana anasemea watu wasioweza kumjibu. Tuliamkiana, vijana wakampa shikamoo kwa safu, akaketi kiti cha mbele. Wimbo haukufika hata kiitikio, akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

“Mwalimu, zima kidogo.”

Nikazima.

“Hatukupiga hivyo,” alisema. “Huo wimbo wetu, lakini hatukupiga hivyo. Na huyo anayeimba si sauti yake. Mmemfanya mtoto.”

Nakiri kwamba wazo langu la kwanza halikuwa la heshima. Nilidhani ni umri. Kwamba kumbukumbu ya mzee imepunguza mwendo pamoja na miguu yake. Kosa hili tunalo sana sisi wenye vyeti: shahidi akipingana na waraka, tunauamini waraka, hata kama waraka wenyewe ni faili lililotufikia ndani ya flashi, limepita mikono isiyojulikana. Mzee aliomba gitaa. Kijana mmoja akakimbia bwenini akaleta. Akalikaza nyuzi taratibu, kisha akapiga mistari ya mwanzo ya wimbo na kutuonyesha mahali ambapo kidole chake hakikugusa kitu. Uzi mnene, alieleza, hapa unaachwa wazi ulie wenyewe. Uzi huo ukiachwa bila kubanwa hutoa noti ya E. Tulipocheza rekodi tena, noti ile ile ilitoka F, nusu toni juu.

Nilimuuliza kama huenda siku ile walikaza nyuzi zaidi ya kawaida. Akacheka. “Tulikaza kwa kufuata saksafoni, mwanangu. Saksafoni haikazwi.”

Nusu toni si kitu kidogo katika hesabu. Kama rekodi ya utepe imechezwa kwa kasi isiyo yake hadi sauti zote zikapanda nusu toni, basi kila kitu ndani yake kimeharakishwa kwa karibu asilimia sita. Nilihesabu mapigo ya ubeti wa kwanza: 124 kwa dakika. Ukiyarudisha kwa kiwango hicho unapata 117. Wimbo uliokuwa na dakika 6 na sekunde 12 unakuwa wa dakika 6 na sekunde 34. Baadaye nilipata ushahidi wa tatu, nao ndio ulionimaliza kabisa. Kila rekodi ya zamani ina mvumo mwembamba wa umeme chini yake, ule unaotoka kwenye vikuza sauti. Umeme wa gridi yetu hutikisika mara 50 kwa sekunde. Nilipoutazama mvumo wa faili langu kwa programu inayochora masafa ya sauti, mstari ulisimama karibu na 53. Gitaa, saksafoni na mvumo wa umeme vilikuwa upande wa mzee. Mimi nilibaki na nadharia.

Jinsi kosa lilivyotokea si jambo gumu kulikisia. Mtu mmoja, pengine mpenzi wa bendi, aliunasa wimbo huo redioni kwa kinasa sauti cha kaseti ambacho betri zake zilikuwa zimechoka. Mota ikazunguka polepole, utepe ukapita polepole mbele ya kichwa cha kunasia. Miaka mingi baadaye kaseti ikachezwa kwenye mashine nzima, inayovuta utepe kwa kasi ya kawaida ya sentimita 4.76 kwa sekunde, na kila kilichonaswa polepole kikatoka mbio. Mbio zile nilizoziita moyo wa taifa zilikuwa, kwa uwezekano mkubwa, betri.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Baada ya kipindi, kijana mmoja anayetengeneza muziki chumbani kwake alijitolea kunirekebishia faili. Alifungua programu yake, akaliingiza, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimewahi kulifikiria: “Mwalimu, nipunguze kasi peke yake, au nipunguze kasi pamoja na sauti?”

Swali hilo lisingewezekana kuulizwa kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Katika santuri na katika utepe, mwendo wa muziki na kidatu cha sauti, yaani kupanda na kushuka kwake, vilifungwa pamoja kama ng’ombe wawili kwenye nira moja. Ukizungusha haraka, vyote vinapanda. Ukicheza utepe kwa kasi maradufu, wimbo unaisha kwa nusu ya muda na sauti inapanda oktavo nzima. Santuri ya mizunguko 33 na theluthi moja ikichezwa kwa mizunguko 45, mwimbaji wa kiume anageuka katuni. Kila aliyekulia katika nyumba yenye gramafoni amewahi kuufanya mchezo huo na kukaripiwa. Mwaka 1979 kampuni ya Technics ilipotoa toleo la pili la mashine yake ya SL-1200, iliyokuja kuwa chombo kikuu cha madijei duniani, iliweka kitelezi cha kuongeza au kupunguza kasi kwa asilimia 8. Dijei aliweza kuukutanisha mwendo wa wimbo mmoja na wa mwingine, lakini alilipa gharama: sauti ilipanda au kushuka kidogo kila alipotelezesha kidole.

Kwa mwanahistoria, nira hiyo ilikuwa neema. Kidatu kilikuwa shahidi wa mwendo. Mtu akiharakisha rekodi, uzi wa gitaa unamsaliti.

Waliokata nira hiyo hawakuwa wanamuziki wala hawakuwa na haja na muziki. Mwaka 1946 Dennis Gabor, mwanafizikia aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1971 kwa ugunduzi wa holografia, alieleza namna ya kukata sauti katika vipande vidogo mno na kuvipanga upya, ili urefu wa sauti ubadilike bila kidatu kubadilika. Katika miaka ya 1950 Wajerumani walikuwa na mashine yenye vichwa vya kusomea vinavyozunguka juu ya utepe, ikifanya kazi hiyo hiyo kwa chuma na injini. Mwaka 1966 wahandisi wawili wa maabara za Bell nchini Marekani, Flanagan na Golden, walichapisha njia ya kihesabu waliyoiita kwa Kiingereza “phase vocoder”. Shabaha ilikuwa simu: namna ya kupitisha mazungumzo mengi zaidi katika waya ule ule. Kanuni hizo zilikaa katika majarida ya wahandisi hadi kompyuta za kawaida zilipopata nguvu ya kuzitekeleza, na mwaka 2001 kampuni ya Ableton ya Berlin ilipotoa programu yake ya Live, mtu aliye jukwaani aliweza kuvuta wimbo kama mpira, haraka au polepole, papo hapo, na mwimbaji akabaki na sauti yake.

Ndiyo maana kijana aliniuliza swali lile. Kwake yeye ni vitufe viwili. Nilimjibu apunguze vyote pamoja, kwa sababu makosa ya mashine ya zamani hurekebishwa kwa kanuni ya mashine ya zamani. Lakini nililala nikiwaza faili ambazo tayari zimepita mikononi mwa watu waliobonyeza kitufe kile kingine. Wimbo ulioharakishwa kwa programu bila kugusa kidatu una gitaa lililo sahihi, saksafoni iliyo sahihi, na mvumo wa umeme uliotulia pale pale penye 50. Shahidi wote wapo mahakamani na wote wamefunzwa uongo mmoja. Asingekuwapo mzee, tungekuwa na nini?

Jambo hili si la kufikirika. Anayetafuta nyimbo zetu za zamani mtandaoni anajua kwamba baadhi ya wanaozipandisha huzibadilisha kidogo, kasi juu au sauti juu, ili mitambo inayotambua kazi zenye hakimiliki isizinase. Nakala hizo ndizo zinazopakuliwa, ndizo zinazofika harusini, na baada ya muda ndizo zinazoitwa “original”. Rudi nyuma zaidi, kwa Siti binti Saad, ambaye rekodi zake za kwanza zilifanyika Bombay mwaka 1928 kwa ajili ya His Master’s Voice. Santuri za zama hizo tunaziita za mizunguko 78, lakini nyingi za wakati huo zilichongwa kwa kasi zilizotofautiana, nyingine chini ya hapo na nyingine juu. Anayeihamishia santuri kama hiyo kwenye kompyuta analazimika kuamua sauti ya mama yule ilikuwa nzito kiasi gani na aliimba kwa haraka kiasi gani. Huo ni uamuzi wa kihistoria, sawa na kusoma neno lililofutika katika barua, lakini mwenye barua huweka mabano. Mwenye faili haweki chochote.

Naomba msomaji anivumilie nirudi nyuma zaidi kidogo, kwa sababu namba yenyewe tunayoiandika katika kisanduku cha mwendo ina historia, na historia hiyo si safi. Tunapoandika mapigo kwa dakika tunatumia lugha ya metronomu, kifaa ambacho Johann Maelzel alikipatia hataza mwaka 1815. Kwa zaidi ya karne moja wachapishaji wa Ulaya waliandika herufi M.M. juu ya muziki, ya kwanza ikiwa ni ya jina lake. Lakini wazo muhimu, la pendulo fupi yenye uzito pande zote mbili, lilikuwa la Dietrich Winkel wa Amsterdam, ambaye Maelzel alimtembelea akakiona kifaa chake. Uholanzi ilimthibitishia Winkel haki yake mwaka 1820. Kufikia hapo Beethoven alikuwa tayari amechapisha, mwaka 1817, mwendo wa simfoni zake nane kwa kipimo cha Maelzel, na jina lilikuwa limeshaganda. Wapigaji wamekuwa wakigombana juu ya namba hizo hadi leo. Wengine husema ni za haraka mno kiasi kwamba huenda kifaa cha Beethoven kilikuwa kibovu. Mnaona jinsi hadithi inavyojirudia: namba ipo, mashine inashukiwa, mzee hayupo wa kuulizwa.

Kabla ya hapo, na kwetu hadi juzi, mwendo ulikuwa mali ya wanaofanya kazi au wanaocheza. Wanawake wanaotwanga katika kinu kimoja, mchi baada ya mchi, huimba kwa mwendo unaoruhusu mikono isigongane. Akichoka mmoja, wimbo unapungua pamoja naye. Wavuvi wanaovuta nyavu hawafuati saa. Karne ya 20 ndiyo iliyogeuza mambo. Mwezi Juni 1940, Uingereza ikiwa vitani, BBC ilianzisha kipindi cha muziki kwa ajili ya viwandani, “Music While You Work”, ili wafanyakazi wazalishe zaidi. Nchini Marekani kampuni ya Muzak ilipanga muziki kwa vipande vya robo saa, mwendo na msisimko ukipanda kidogo kidogo ndani ya kila kipande, kisha kimya cha robo saa, kisha upya. Mfanyakazi hakuambiwa aongeze kasi. Aliongezewa wimbo. E. P. Thompson aliandika makala yake mashuhuri mwaka 1967 kuhusu saa na nidhamu ya kazi ya ubepari, na kila ninapoifundisha huwa nasikitika kwamba hakuigusa redio.

Programu za leo zilirithi namba kutoka katika ulimwengu huo. Mwaka 1983 watengenezaji wa vinanda vya elektroniki walikubaliana juu ya lugha moja ya kuunganisha vyombo vyao, MIDI. Mwaka 1988 ikafuata kanuni ya faili za MIDI, na humo imeandikwa kwamba faili lisilotaja mwendo lichukuliwe kuwa na pigo moja kila mikrosekunde 500,000. Nusu sekunde. Mapigo 120 kwa dakika. Programu nyingi kubwa bado zinafunguka kwa namba hiyo, kwenye gridi ya mapigo manne manne, kabla mtumiaji hajasema neno. Hatua 120 kwa dakika ndiyo pia kasi ya kawaida ya gwaride katika jeshi la Marekani. Sisemi kwamba waliochagua namba waliwaza gwaride. Namba inayogawanyika vizuri kwa sekunde ina mvuto wake yenyewe. Lakini sisi wa pwani hii tulikutana na gwaride mapema. Beni, ngoma iliyoanzia Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea bara pamoja na vyama vyake vya Marini na Arinoti, ilichukua tarumbeta, vyeo na mwendo wa askari wa kikoloni. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alitufundisha kutoidharau kama uigaji tu. Watu walikuwa wameuchukua mwendo wa mabwana wakaufanya mashindano ya mtaa na mtaa.

Nawaonya wanafunzi, hata hivyo, wasikimbilie kusema kwamba programu ndiyo inayoamua. Wapo wanaodai kwamba muziki wa grime wa mashariki mwa London una mapigo 140 kwa sababu FruityLoops, programu ya Kibelgiji iliyotoka mwaka 1997, ilikuwa ikifunguka kwa namba hiyo. Inawezekana ilichangia. Lakini vijana wale walitoka katika muziki wa garage ambao tayari ulikuwa ukikaribia hapo, na mtu anayeweza kutengeneza biti anaweza pia kuandika tarakimu tatu.

Ushahidi mkubwa kabisa dhidi ya hoja hiyo uko Dar es Salaam. Programu hiyo hiyo ya Kibelgiji, kwenye kompyuta kuukuu katika vyumba vya Manzese, Tandale na Mburahati, ndiyo iliyotumika kutengeneza singeli, na singeli haikubaki popote karibu na namba ya kuanzia. Inakwenda 200, inapita, na nyingine zinafika 300. Ilitoka katika mchiriku wa vinanda vidogo vya Casio na katika sherehe za usiku za uswahilini. Watengenezaji walichukua vipande vya taarabu ya kisasa, wakavirudia-rudia, wakavikimbiza hadi vikageuka kitu kingine. Mara nyingi waliiacha nira ya zamani: sauti ikapanda pamoja na kasi, violini ikawa nzi. Wangeweza kuibakiza pale ilipokuwa. Waliisikia wakaipenda hivyo.

Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa studio ya Sisso, dunia ikaanza kuandika kuhusu singeli, na karibu kila mwandishi wa Ulaya alianza na namba. Mapigo 300! Namba hiyo inataka kuhojiwa kama nilivyopaswa kuihoji 124 yangu. Pigo ni nini? Ngoma nyingi za Waswahili na Wazaramo huenda kwa mafungu ya matatu yaliyopandana na mafungu ya mawili. Mpigaji wa ngoma ndogo, mpigaji wa ngoma kubwa na mchezaji kila mmoja ana pigo lake halali. Kompyuta inataka moja tu, katika kisanduku kimoja. Nenda ukamtazame anayecheza singeli mtaani: kiuno kinafuata 300, miguu inafuata 150, na wale wazee walioketi pembeni wanatikisa kichwa kwa 75. Hakuna aliyekosea. Mwandishi aliyehesabu 300 akaona wazimu ametuambia jambo la kweli kuhusu mahali alipoweka sikio lake.

Na hapa kuna deni lisilolipwa pande mbili. Wapigaji wa taarabu ambao vipande vyao vilikimbizwa hawakulipwa, kwa sababu kipande kilichobadilishwa mwendo kiasi hicho ni vigumu hata kwa mwenyewe kukitambua, sembuse kwa ofisa wa hakimiliki. Nao waliokikimbiza, vijana waliokaa na kipanya usiku kucha wakitafuta kasi ambayo umati utaipokea, wengi hawamo kwenye orodha yoyote. Mwimbaji ana jina. Aliyeamua mwendo, kama Winkel, anatafutwa.

Nirudi kwa mzee. Wiki mbili baada ya kipindi kile nilimpelekea nyumbani faili lililorekebishwa, 117, sauti zote zimeshuka. Tulisikiliza kwa simu juu ya meza, chai ikipoa. Mwimbaji alipoingia, mzee aliinamisha kichwa akasema jina la rafiki yake kwa sauti ndogo, mara moja. Mkewe akatoka jikoni kuja kusikiliza akiwa amesimama.

Nilidhani kazi imekwisha. Wimbo ulipomalizika aliniambia: “Sasa ni sisi. Lakini hiyo namba yako sijaielewa. 117 ni ipi?”

Nikamweleza kwamba ndiyo mwendo wa wimbo. Akauliza, wa wimbo au wa mwanzo wa wimbo? Kwa sababu wao, alisema, hawakuwahi kupiga wimbo wenye mwendo mmoja. Ubeti ulikwenda taratibu watu wasikie maneno, na chemko ilipofika mpiga tumba alisukuma, kila mtu akamfuata, na kama ukumbini walikuwapo wachezaji wazuri alisukuma zaidi. Nani alimwambia asukume? Hakuna. Alitazama miguu.

Nilirudi nikafanya jambo ambalo programu hizi huruhusu lakini wengi wetu hatulitumii. Badala ya namba moja kwa wimbo mzima, nilimwomba kijana wangu aweke alama ya pigo la kwanza la kila mstari, kwa sikio, ili gridi iufuate muziki badala ya muziki kuifuata gridi. Ilituchukua Jumamosi mbili. Kilichotokea kwenye kioo ni mstari wa mwendo unaopumua: 115, 117, 118, unarudi 116 mwimbaji anapovuta neno, unapanda taratibu hadi 123 chemko inapoiva. Ningeweza kuutazama kutwa. Lakini kuelekea mwisho, dakika moja na nusu kabla wimbo haujaisha, mstari unaruka ghafla hadi 129 na kubaki huko hadi noti ya mwisho. Hakuna upandaji. Ni kama ngazi.

Nilimpigia mzee simu nikiwa na furaha ya mtafiti. Nilikuwa tayari na maelezo yangu: kilele cha chemko, furaha ya pamoja, pengine hata ile mbio ya taifa niliyoikosa mahali pengine. Nikamwimbia kipande chenyewe, vibaya, ili ajue ni wapi.

Alinyamaza, kisha akacheka hadi akakohoa.

“Hapo,” alisema, “fundi alitugongea kioo. Utepe ulikuwa unaisha.”